Mwewe, Kunguru na Kitabu cha Chicago

Mwaka 1901, mjini Chicago nchini Marekani, kampuni ya A. C. McClurg ilipiga chapa kitabu kidogo chenye hadithi kumi kiitwacho Zanzibar Tales. Katika ukurasa wa jina la kitabu yasemwa kwamba hadithi hizo zilisimuliwa na wenyeji wa pwani ya mashariki ya Afrika, na kwamba zilitafsiriwa kutoka Kiswahili na George W. Bateman. Aliyechora picha naye ametajwa: Walter Bobbett. Waliosimulia hawakutajwa hata mmoja. Wao ni "wenyeji" basi, kama vile fundi asemavyo "mawe" au "mbao" anapohesabu vifaa vya kujengea.

Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu habari ya hadithi moja tu katika hizo kumi, nayo ni ya mwewe na kunguru. Ni fupi; mtu aweza kuimaliza kabla chai yake haijapoa. Lakini imetembea mwendo mrefu, na jambo lililomo ndani yake ni jambo ambalo watu wa nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kibondo hadi Kasulu na vijiji kama Titye, wameliona kwa macho yao si mara moja wala mbili. Mtu aliyepigwa afika kwako, alia, asema wenzangu wamenifukuza. Utamfanyaje?

Hadithi yenyewe yaenda hivi.

Sultani wa kunguru alimpelekea sultani wa mwewe waraka, akamtaka yeye na watu wake wawe askari wake. Mwewe akakataa. Kunguru akatisha kwamba ataleta vita. Mwewe akajibu kuwa vita na vije, na atakayeshinda awe bwana wa mwenzake. Wakapigana. Haukupita muda ikaonekana wazi kwamba kunguru wanakwisha. Hapo kunguru mmoja mzee akatoa shauri kwamba wakimbie, nalo likafuatwa papo hapo. Wakaruka wote, wakauacha mji wao, wakaenda kujenga mwingine mbali. Mwewe walipoingia hawakumkuta mtu, wakakaa wao.

Siku moja kunguru walipokuwa barazani sultani wao alisimama, akawaamuru wamnyonyoe manyoya, kisha wamchukue wakamtupe katika mji wa mwewe, nao warudi kwao wakangoje habari. Hawakuuliza maswali, walifanya kama walivyoambiwa. Mwewe waliopita njiani wakamkuta amelala, wakamwuliza kwa ukali anafanya nini katika mji wao. Akajibu kwa kuugua kwamba wenzake wamempiga na kumtoa kwa sababu aliwashauri wamtii sultani wa mwewe. Wakamwinua, wakampeleka mbele ya mkubwa wao. Akasimulia tena, akaongeza kwamba pamoja na mateso yote hayo bado hajageuza mawazo yake. Sultani wa mwewe alifurahi sana, akamwambia kwamba yeye peke yake ana akili kuliko kabila lake zima, akampa ruhusa ya kukaa.

Ikawa siku moja jirani zake wakaenda naye kusali. Waliporudi wakamwuliza: dini ya nani ndiyo bora, yetu au ya kunguru? Akawajibu bila kusita kwamba ya mwewe yapita mbali sana. Furaha yao haikuwa na kiasi, na tangu hapo wakamhesabu kuwa ndege mwenye busara ya ajabu.

Usiku mmoja akatoroka, akawafikia watu wake, akawaambia kuwa kesho yake ni sikukuu kubwa ya mwewe, wote watakuwa ndani ya nyumba ya ibada; basi wakusanye kuni na moto wakangoje karibu na mji. Kisha akarudi upesi. Kulipokucha jirani walimpitia, wakamkuta amelala anaugua tumbo. Wakamhurumia, wakamwambia apumzike, wakaenda zao. Walipokwisha kuingia, kunguru wakarundika kuni mlangoni wakatia moto. Wengine walikufa kwa moshi, wengine waliungua mabawa wasiweze kuruka, na sultani wao alikuwa miongoni mwa waliokufa. Kunguru wakaurudia mji wao. Tangu siku hiyo, yasema hadithi, mwewe akimwona kunguru hukimbia.

Neno hili la mwisho si la kubuni. Mtu wa Titye hana haja ya kufundishwa mwewe ni nani. Ni yule anayezunguka juu ya migomba asubuhi huku mama akiita vifaranga ndani na watoto wakipiga kelele na kurusha mawe. Lakini tazama kunguru wawili wanapomwona. Humwinukia, mmoja kwa juu na mmoja kwa nyuma, wakamchokoza na kumdonoa mkia mpaka aondoke, naye aliye hodari wa kucha na mdomo hakai kupigana. Mkulima ameliona jambo hili tangu utoto wake, akajiuliza sababu. Aliyeisimulia hadithi ameiweka sababu hiyo katika vita vya zamani, na kwa hiyo kila mara ndege hao wakutanapo angani, hadithi yajisimulia yenyewe.

Sasa tuangalie alivyoifanya mtafsiri. Bateman ameandika majina kwa namna ambayo mtoto wa Marekani ataweza kuyatamka: Kunguru amekuwa Koongooroo, na Mwewe amekuwa Mwayway. Hilo si kosa kubwa. Hata sisi huyapindisha majina ya Wazungu tukayafanya yalale vizuri mdomoni. Lakini namna ya kusema imegeuka pia. Masultani wawili wanaotangaziana vita hujibizana kwa mzaha mkavu, kama wachuuzi wawili wa Chicago wanaobishana bei ya ngano. Nyumba ya ibada imeitwa kanisa. Maneno ya Kiswahili hayamo, ila hayo majina. Hivyo mwenye lugha hana pa kushika ili aseme hapa umekosea, hapa umeongeza.

Twasema hivi kwa sababu kazi kama hiyo ilikuwa imekwisha kufanywa kwa njia nyingine miaka thelathini na mmoja kabla yake. Padre Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye, mwaka 1874, akawa askofu, alitoa kitabu chake Swahili Tales mjini London mwaka 1870. Humo Kiswahili kiko upande mmoja wa kitabu, na Kiingereza upande wa pili, uso kwa uso. Ukimsoma Steere waweza kumsahihisha. Kwa mfano, Kisa cha Punda wa Dobi, chenye habari za kima na papa, kimo humo kwa maneno ya Kiunguja cha siku zile, na mtu wa leo asomaye husikia sauti ya mtu, na kiguu cha sentensi kinachosubiri wasikilizaji waitikie. Hatumpendi Steere kwa kila jambo, lakini katika hili aliwatendea haki wenye mali.

Na mali hiyo ilitoka wapi? Hapa ndipo palipo na utamu.

Vita vya kunguru vimeandikwa katika kitabu cha kale cha Bara Hindi, kwa lugha ya Kisanskriti, kiitwacho Panchatantra, yaani mafungu matano. Fungu la tatu lote ni habari hiyo. Ila huko adui wa kunguru si mwewe, ni bundi. Katika karne ya 6 tabibu wa Uajemi jina lake Burzoe alikitafsiri kitabu kwa Kipahlavi katika enzi ya mfalme Khosrow Anushirwani. Kiasi cha mwaka 750, Ibn al-Muqaffa, karani wa asili ya Kiajemi aliyekuwa Iraki, alikitoa katika Kipahlavi akakiandika kwa Kiarabu, na kikajulikana kwa jina la Kalila wa Dimna. Karani huyo aliuawa Basra akiwa bado kijana, lakini kitabu chake kilisomwa kila mahali Waarabu walipofika. Kwa Kiarabu hicho habari zilipata njia ya majahazi, na pwani yetu ilikuwa bandari mojawapo. Njia nyingine ilielekea Ulaya, kwa Kiebrania, Kilatini na Kiitaliano, mpaka mwaka 1570 Thomas North alipotoa sehemu yake kwa Kiingereza; ndiye yule North ambaye tafsiri yake nyingine ilimpa Shakespeare habari za watawala wa Roma. Waingereza walikipata kitabu cha Ibn al-Muqaffa moja kwa moja kutoka Kiarabu mwaka 1819, kwa mkono wa Wyndham Knatchbull, huko Oxford.

Kwa hiyo Bateman alipowapelekea Wamarekani kunguru wake mwaka 1901, kunguru yule alikuwa amekwisha kufika katika Kiingereza tangu zamani, kwa mlango mwingine, akiwa na jina jingine na adui mwingine. (Na tuseme kwa kupita kwamba katika miaka hiyo hiyo ya 1890 kunguru halisi wa Bara Hindi waliletwa Unguja na wakubwa wa serikali ili wale takataka za mji. Wameenea pwani yote, na hasara yao kwa vifaranga na ndege wadogo yajulikana. Kunguru wa hadithi alikuwa na adabu zaidi.)

Wako watu watakaosikia habari hizi wakasema: basi hadithi si yetu, ni ya Wahindi. Tunawaomba wasiharakishe. Mfinyanzi hachimbi udongo wake mwenyewe kila siku, lakini chungu ni chake. Tulinganishe maneno ya Bara Hindi na maneno ya Bateman, ndipo tutakapoiona kazi ya msimulizi wa pwani, huyo asiye na jina.

Kwanza amemtoa bundi akamweka mwewe. Katika Panchatantra kunguru hushambuliwa usiku kwa sababu bundi huona gizani, na wao huwachoma bundi mchana kwa sababu mchana bundi haoni. Hiyo ni hila nzuri kwa nchi yao. Kwetu bundi ni ndege wa mikosi. Akilia juu ya paa watu hawalali. Ni vigumu kumpa mji, baraza, jirani wema na sikukuu. Mwewe aweza kuwa na mji. Na kwa kuwa mwewe haoni shida mchana, msimulizi hakuwa na budi kutafuta saa nyingine ambayo watu wote wako mahali pamoja na hawatazami nje, akaipata saa ya ibada. Hilo ni fikira ya mtu aliyekaa akawaza.

La pili ni kubwa zaidi. Katika kitabu cha Bara Hindi anayenyonyolewa na kupakwa damu ni waziri mzee, jina lake Sthirajivin. Mfalme huagana naye, akaondoka na jeshi, akangoja mahali pa salama. Katika hadithi ya Unguja anayenyonyolewa ni sultani mwenyewe. Hakumtuma mzee, wala hakumtuma kijana wa watu. Alisema ninyonyoeni mimi. Hatujui neno katika kitabu kizima cha Chicago lenye uzito kama hilo, nalo halikutoka Bara Hindi wala Basra. Limetoka katika kinywa cha mtu wa pwani yetu, katika nchi iliyokuwa na sultani wa kweli mwenye ikulu, askari na watumwa, ambaye manyoya yake hayakuguswa na mtu. Ukifikiri waliokaa kusikiliza walikuwa ni nani, utaona jinsi shauri hilo lilivyowafurahisha.

Hivi ndivyo mtu atungavyo. Na mtu huyo alipasa kutajwa.

Lakini msimulizi wetu, au wale waliomtangulia njiani, aliacha kitu pia, na tukiacha kukisema tutakuwa tumempamba tu. Ameliacha baraza.

Katika kitabu cha zamani bundi hawakumpokea kunguru aliyejeruhiwa kama vile mtu apokeavyo zawadi. Mfalme wao aliwaita mawaziri watano, akamwuliza kila mmoja. Wa kwanza, Raktaksha, alisema auawe, maana adui aliye dhaifu leo atapata nguvu kesho. Wengine wakasema asiuawe, kila mmoja kwa hoja yake na kwa hadithi yake. Na katika nakala moja ya mwaka 1199, mmoja wao asimulia habari ya njiwa. Mtega ndege alikuwa amemkamata njiwa jike, akamtia tunduni. Mvua kubwa ikamkuta porini, akajikinga chini ya mti ule ule aliokaa njiwa dume, akitetemeka kwa baridi na njaa. Njiwa alimtambua. Akawaza kwamba aliyefika mlangoni, hata akiwa yeye ndiye aliyemfunga mke wangu, sasa ni mgeni. Akatafuta kaa la moto, akamwashia majani makavu apate joto. Na kwa kuwa hakuwa na chakula, akajitupa mwenyewe motoni ili mgeni ale.

Njiwa huyo simwoni katika kitabu cha Chicago. Wala Raktaksha hayumo. Mwewe wa Unguja hawana waziri wa kusema auawe, wala hawana waziri wa kusema mgeni ana haki yake. Wana sultani aliyefurahi, basi. Kwa hiyo hadithi iliyotufikia ni nusu ya shauri. Tumerithi kisa cha mkimbizi mwongo, na ule ubishi uliokuwa umekizunguka ukabaki nyuma.

Sasa kisome kisa hicho ukiwa Kasulu.

Watu wa Buha wamepokea wageni kwa namna ambayo mikoa mingi haikujaliwa. Mwaka 1972 Warundi walivuka mpaka wakikimbia mauaji. Mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwezi wa Oktoba, walikuja tena kwa maelfu. Mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta watu wa Kivu kwa njia ya ziwa, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Mwaka 2015 Burundi ilichafuka tena, Nyarugusu ikajaa kupita watu laki moja, na huko Kibondo kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Kiha na Kirundi ni lugha ambazo wenyewe husikizana bila mkalimani. Mtu anayevuka mto akibeba godoro na mtoto husalimu, naye huitikiwa. Mwalimu Nyerere alipopewa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya nchi hii kuwapokea wakimbizi, waliotoa mashamba, kuni na maji hawakwenda Geneva. Walikuwa wanapalilia maharage.

Lakini hofu nayo ilikuwapo, na haikuwa hofu ya wendawazimu. Yalisemwa maneno ya watu wenye silaha wanaojificha kati ya wakimbizi. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanajeshi waliwakusanya Warundi waliokuwa wakikaa nje ya kambi katika wilaya za mpakani wakawatia kambini, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa vijijini miaka mingi, wenye mashamba, wengine wenye wake na watoto wa hapa hapa. Kila jirani alipasa siku hiyo kuamua moyoni mwake: huyu ninayemjua, aliyenisaidia kubeba maiti ya baba yangu, ni mtu au ni kunguru aliyenyonyolewa?

Ndiyo maana hadithi hii si ya watoto tu. Ukiichukua juu juu itakwambia kwamba aliyelala njiani akiugua ni mpelelezi, na kwamba huruma ndiyo iliyowaua mwewe. Tunajua wako watakaoisoma hivyo, na wengine wataipenda kwa sababu hiyo. Sisi twaona wameisoma vibaya, na twawaomba wairudie pole pole, maana ushahidi uko ndani ya hadithi yenyewe.

Mwewe walipomwokota kunguru barabarani hawakufanya kosa lo lote. Kumwinua aliyejeruhiwa na kumpeleka kwa mkubwa ili habari zake zisikilizwe ni utaratibu mwema. Hata leo ofisi ya mtendaji wa kijiji haina njia iliyo bora kuliko hiyo. Kosa lilianza pale sultani aliposikia jina lake likisifiwa. Kunguru alisema nimepigwa kwa ajili yako, na uchunguzi ukaishia hapo. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyempiga, lini, na wenzake wako wapi sasa. Hakuna aliyekwenda kuutazama mji mpya wa kunguru. Sifa imekuwa ndiyo cheti cha njia.

Kisha likaja lile swali la dini. Hilo ndilo jambo tunalotaka msomaji alikazie macho. Mgeni hajapata hata majuma mawili, manyoya hayajaota, hana pa kwenda, naye aulizwa na wenye nyumba: yetu na yenu ipi bora? Angejibu nini? Mtu anayekula chakula chako na kulala chini ya paa lako hawezi kujibu swali hilo ila kwa namna moja. Jibu lile lisingeweza kumtambulisha rafiki wala adui, kwa kuwa rafiki mwenye njaa angejibu vivyo hivyo. Mwewe hawakuuliza ili wajue. Waliuliza ili waambiwe. Walipokwisha kuambiwa wakamwita mwenye busara, wakaacha kumlinda, na siku ya sikukuu wakamwacha peke yake nyuma yao bila hata mtoto mmoja wa kumpelekea maji. Kama wangemhurumia kweli kwa lile tumbo lake, mmoja wao angebaki kumwuguza, na huyo mmoja angeziona kuni.

Tulipofika hapo katika kusoma, tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Maana uliza katika kiwanda cho chote, au katika chama cha ushirika ambacho fedha zake zimepotea, mwizi alikuwa nani. Mara nyingi si mgeni aliyeingia jana. Ni yule aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi mwenyekiti alipomaliza kusema, aliyejua siku ya kuzaliwa ya meneja, ambaye kila alipoulizwa mambo yaendaje alijibu kwamba chini ya uongozi huu hayajapata kwenda vizuri hivi. Na pembeni alikuwapo mhasibu mmoja mdogo, mwenye kelele na asiyependwa, aliyesema hesabu haziko sawa. Raktaksha yule yule. Tofauti ni kwamba Raktaksha wa Bara Hindi alipoona hasikilizwi aliwachukua watu wake wakahama kabla ya moto. Mhasibu ana watoto wanaosoma, hawezi kuhama, hunyamaza.

Hatusemi kwamba Raktaksha alikuwa na haki katika yote. Alitaka mjeruhiwa auawe, na hapo tunasimama na njiwa. Twasema tu kwamba baraza lenye mmoja asemaye hapana na mwingine asemaye mgeni ana haki yake lingeweza kumweka kunguru, kumpa chakula na dawa, na papo hapo kuweka mlinzi mlangoni siku ya sikukuu. Mambo hayo mawili hayagombani. Wageni wamekaa na wenyeji katika nyanda za Kigoma zaidi ya nusu karne, na wazee wa huko walijua kufanya yote mawili kwa siku moja: kumkaribisha mtu ndani na kumwuliza kwa upole ukoo wake ni upi, ametoka kilima gani, amemwacha nani huko nyuma.

Ipo na habari nyingine ndani ya fungu lile la tatu ambayo wanachama wetu wataifurahia. Yasemwa uadui wa kunguru na bundi ulianza katika uchaguzi. Ndege wote walikusanyika wapate mfalme, wakakubaliana wamchague bundi, na ilikuwa karibu kumtawaza. Kunguru akachelewa kufika. Alipoambiwa akauliza: huyu uso wake ni huu naye hajakasirika, siku akikasirika itakuwaje? Mkutano ukavunjika, ndege wakaenda zao, bundi akabaki peke yake juu ya kiti. Hakumsahau kunguru. Twaona katika kisa hiki kwamba kunguru yule yule aliyekuja kuwa mwongo mkubwa mbele ya mwewe alikuwa zamani ndiye peke yake aliyesema kweli mbele ya mkutano. Hadithi za zamani hazikumfanya ndege mmoja kuwa mwema siku zote.

Zanzibar Tales sasa husomwa bure kwenye intaneti na mtu ye yote ajuaye Kiingereza, kwa hiyo kunguru wa Unguja yuko Tokyo na Toronto saa hii. Katika vijiji vyetu mambo ni mengine. Vijana wa Buha waliokwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro kwa mkataba, hasa baada ya ile ofisi ya kuajiri iliyoitwa SILABU kuanzishwa mwaka 1944, walilala kambi moja na watu wa makabila mengi, na jioni kulikuwa na moto na maneno. Manamba hakurudi na shilingi na blanketi peke yake. Waliorudi na hadithi wengi wamekwisha kufa, na waliobaki ni wazee wa kukaa juani.

Basi tunawaomba wasomaji wetu walioko Titye, Kasulu, Kibondo na kwingineko, wanaoijua habari ya mwewe na kunguru kwa Kiha au kwa Kiswahili, waiandike kama walivyoisikia na kuileta kwenye meza ya mhariri. Waandike jina la aliyewasimulia na kijiji chake, kwa herufi kubwa, juu ya karatasi. Na kama katika masimulizi yake kulikuwa na mwewe mmoja aliyeuliza "wenzako wako wapi sasa?", au mwewe mmoja aliyebaki nyumbani kumwuguza mgonjwa, tafadhali asikose kutuambia ndege huyo aliitwa nani.